Pete ya Mshipa Mkuu

Jemadari Kajiru aliletwa hospitalini na bomu la watu wake mwenyewe.

Lililipukia ndani ya bomba la kurushia, juu ya ukuta wa ndiva, lile bwawa kubwa linalokinga maji ya mlima, wakati yeye amesimama kando akiwaelekeza vijana namna ya kulenga. Wawili kati ya vijana hao hawakubaki na kitu cha kubeba kwa machela. Wa tatu aliletwa akiwa hai akafia mlangoni, mkono umekaza kwenye mkanda wa machela, ikabidi wabebaji waufungue kidole kimoja kimoja ili machela ikachukue mwingine.

Jemadari asingeweza kuumia kwa njia nyingine. Kule chini, katika mji wa Teteni, hakuna mpiganaji aliyeruhusiwa kurusha hata jiwe mahali alipo Kajiru. Amri hiyo ilitolewa na Jemadari Mbonea, adui yake, na kijana mmoja aliyeivunja alipigwa risasi sokoni mbele ya mama yake. Huku juu Ngofi, mji wake, Kajiru alikuwa ametoa amri ya namna hiyohiyo ya kumlinda Mbonea. Kwa hiyo vita ilipokuwa ikiendelea, na watu wakifa kwenye mifereji na kwenye mashamba ya tangawizi, watu wawili tu walikuwa wakitembea wima.

"Mlazeni hapa," alisema Daktari Nakiete. "Kata shati. Usilivute, kata."

Nesi Chediel alikata. Chini ya titi la kushoto palikuwa na tundu dogo, midomo yake imeungua. Damu ilikuwa ikitoka humo kwa mapigo.

Kajiru alikuwa na fahamu. Alimtazama daktari, ambaye alikuwa mjane wa marehemu kaka yake, akatabasamu na meno mekundu.

"Shemeji. Leo umenipata. Nishone vizuri, usije ukanishona kama ulivyoshona ile suruali ya kaka, mguu mmoja mfupi."

"Nyamaza. Ukicheka unajiua."

"Nikijiua mimi nimemuua na yule mwizi wa bondeni." Akacheka hata hivyo, na damu ikamtoka puani.

Mlinzi wake Kirita, mtu mnene mwenye bunduki fupi, alisimama nyuma ya mlango akiwa na pembe ya Jemadari mgongoni. Ilikuwa pembe ya palahala, nyeusi, imefungwa ngozi shingoni. Ngofi nzima iliijua sauti yake. Asubuhi hiyo Kajiru alikuwa ameipiga mara tatu, mlio mrefu wenye kuvunjika mwishoni kama alivyopiga yeye peke yake, na maana yake ilikuwa kwamba jua likifika utosini wapiganaji wote washuke Teteni, wasibakize nyumba.

Daktari Nakiete aliwasha mashine ya picha. Kipande cha chuma kilionekana wazi, kimelala ubavuni mwa mshipa mkuu, kimeukwaruza lakini hakijaupasua. Na juu yake kidogo, imeukumbatia mshipa huohuo, ilionekana pete.

"Kajiru," alisema. "Kabla sijakulaza. Piga pembe ya kuwarudisha watu."

"Sipigi."

"Mwanangu Namsifu yuko kwenye mstari wa mbele."

"Najua aliko. Mtoto wa kaka ni mwanangu. Mimi ndiye niliyempanga." Alikohoa. "Wakishuka leo, kesho maji yanakuwa yetu bila kugombana. Nifungue, toa chuma, nishone. Au niue, kama unaweza. Lakini nakujua, shemeji. Wewe huna mkono wa kuua."

Chediel akamchoma sindano ya usingizi. Macho ya Jemadari yakapinduka, tabasamu likabaki.

*

Pete ilikuwa kitu kidogo, nyepesi kama ganda la kitunguu, imefumwa kwa nyuzi za madini ambazo mwili haukatai. Ilikaa juu ya aota, mshipa mkuu wa damu, mahali unapotoka kwenye moyo na kupinda. Ndani yake mlikuwa na kijiwe cha kupokea mawimbi. Kijiwe hicho kilisikiliza jambo moja tu: pete nyingine, kwenye kifua cha mtu mwingine. Pete ile ikinyamaza, hii inajikaza mpaka mwisho, na damu haipiti tena.

Walikuwa wamezivaa wawili, Kajiru na Mbonea. Baada ya vita ya kwanza wazee wa Ngofi na wa Teteni walikutana kwenye ukuta wa ndiva, wakati maiti bado zinaelea upande wa mashariki, wakakubaliana kwamba dawa ni kuwafunga wapiga pembe pamoja. Hakuna atakayeanzisha vita, walisema, ikiwa kifo cha adui yake ni kifo chake. Ilionekana hekima. Nakiete alizifunga pete zote mbili kwa mkono wake.

Kosa lilitoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Tangu zamani watu hawa walipoitwa kuchimba mfereji au kuzibua ndiva, aliyepiga pembe hakushika jembe. Alisimama kwenye jiwe, akaita, akaangalia nani amekuja na nani amejificha. Hilo halikuwa jambo la kuuliza. Basi wazee walipokaa kufikiria vita, waliifikiria kama kazi nyingine yoyote ya kijiji. Wakamlinda mpiga pembe, wakawaacha wenye majembe. Walipogundua kwamba wamewapa watu wawili ruhusa ya kupigana bila hofu, wawili hao walikuwa tayari na majeshi.

Desturi ilikuwa na mambo mawili zaidi, nayo ndiyo yaliyokuwa yakimzunguka Daktari kichwani alipokuwa akinawa mikono. Pembe ikishapigwa, haiondolewi ila na yule aliyeipiga. Na pembe ya marehemu haifuatwi. Mpiga pembe akifa, watu huweka chini walichoshika, hurudi nyumbani kulia.

Ukutani, juu ya sinki, palikuwa na ubao wa taa. Kila mpiganaji alivaa bangili ya kupima mapigo ili wabebaji wa machela wajue nani anaokoleka. Taa za kijani zilikuwa za Ngofi, za njano za Teteni. Mnara uliopokea mapigo hayo ulijengwa zamani, miji yote miwili ikiwa mmoja, na hakuna aliyekumbuka kuugawa. Taa ya Namsifu ilikuwa safu ya juu, ya kijani, inapepesa haraka. Mtoto aliogopa.

Redio ya hospitali ikakoroma.

"Daktari Nakiete, shikamoo."

Aliijua sauti. Kirita naye aliijua, akanyanyua bunduki kana kwamba redio ingempiga.

"Marahaba, Mbonea."

"Nimeambiwa huyo mpumbavu ameumia. Kweli?"

"Kweli. Chuma kimegusa mshipa mkuu."

Kisha Mbonea akasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Muokoe, dada yangu. Mkihitaji damu nitatuma. Mkihitaji dawa, watu wangu wataileta na bendera nyeupe mpaka mlangoni kwako. Sema tu."

"Nahitaji uwaondoe watu wako kwenye mfereji kabla ya adhuhuri."

"Hilo ni jambo jingine."

"Jingine vipi? Watu wa Ngofi wanashuka. Utakaa huko uwatazame wakikatana?"

"Wao waje. Tumewawekea mafuta kwenye mfereji mzima, wataungua kabla hawajafika darajani. Mimi nazungumzia maisha ya Kajiru. Hatuwezi kuchanganya."

Daktari alizima redio. Chediel alikuwa akicheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Mafuta," alisema. "Anatuombea mgonjwa wetu, na huku ametuwekea mafuta."

*

Walifungua kifua.

Kisu cha mwanga kilikata ngozi na nyama kwa harufu ya mahindi yaliyoungua. Mbavu zikapanuliwa. Pafu la kushoto lilikuwa limejaa damu, wakalifyonza, na moyo ukaonekana ukiruka, mwekundu, wenye hasira. Nje mizinga ya Teteni ilianza kupima umbali. Kila bomu lilipoanguka vyombo viliruka kwenye sinia, na Chediel alivishika kwa kiganja.

Kupitia dirisha machela ziliendelea kuingia uani. Mwanamke mmoja aliletwa amekaa, ameshika taya lake la chini mapajani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli asimwage. Alitazama juu dirishani. Daktari akarudisha macho kwenye kazi.

"Zungumza nami," alisema kwa Chediel. "Mkono wangu unatulia nikisikia mtu anaongea."

"Niongee nini?"

"Chochote."

Chediel akafikiri. "Kwa nini wanauita aota? Nimekuwa nesi miaka yote hii, sijawahi kuuliza."

"Ni jina la Wayunani wa kale. Shika hapa. Mwalimu wetu chuoni alitueleza. Walipasua wanyama, wakaona moyo umening'inia kwenye mshipa huu kama kibuyu kwenye kamba. Wakauita kwa neno linalotoka kwenye kuinua, kuning'iniza. Kitu kinachobeba."

"Lakini moyo ndio unaosukuma. Mshipa unapokea tu."

"Wao hawakujua hilo. Waliona tu nani kamshika nani." Aliingiza koleo, akakigusa chuma, kikatingisika. Damu ikafoka, akaikandamiza kwa kidole. "Na walikuwa na neno jingine la ukoo huohuo. Mkanda wa kuning'inizia upanga begani."

Chediel akainama karibu na sikio la Daktari, Kirita asisikie.

"Daktari. Ondoa kidole."

Daktari akakikandamiza zaidi.

"Ondoa kidole tu. Si kisu, si sumu. Chuma ndicho kilichomuua. Mbonea anaanguka kule, huyu hapa, pembe zote mbili zinakufa. Namsifu anarudi nyumbani. Wote hawa wanarudi." Alielekeza kidevu kwenye ubao. "Mimi sitasema mpaka naingia kaburini."

Damu ilikuwa ya moto chini ya kidole cha Daktari. Aliusikia moyo ukipiga, ukisukuma kidole nje, ukipiga tena. Alikuwa amewatibu wauaji wengi, na hakuwahi kuwauliza wataenda kufanya nini wakipona. Mtu akilala mezani, huyo ni mwili. Ukianza kuchagua mwili gani unastahili, utachagua mmoja leo kwa sababu nzuri, na kesho sababu itakuwa ndogo kidogo. Aliliamini hilo. Lakini pia alikuwa ameziona maiti za mashariki mwa ndiva, na alijua kwamba imani yake hiyo ilikuwa inalipiwa na watu wengine.

Akaitazama pete. Ilikuwa safi, inang'aa, imekaa vizuri kama alivyoiweka.

"Nipe uzi," alisema.

"Daktari."

"Uzi, Chediel. Halafu kalamu ya pete."

Akakichomoa chuma, akashona mshipa. Kidole kikatoka, damu isifuate. Chediel alishusha pumzi, na haikujulikana kama ni ya nafuu au ya kukata tamaa. Kisha akaona daktari anaigusa pete kwa ile kalamu ya chuma inayoiamuru, na maandishi ya masharti yanatokea kwenye kioo kidogo kando ya meza.

"Unafanya nini?"

"Pete hii inasikiliza moyo mmoja. Naifundisha kusikiliza mioyo yote ya ubao huu." Aliandika huku anaongea, sauti yake haina kupanda wala kushuka. "Kila taa itakayozimika, pete itajikaza unywele mmoja. Ya kijani au ya njano, haibagui. Na haitalegea yenyewe. Pete hizi zilitengenezwa zifanane ili upande mmoja usidanganye, kwa hiyo sharti la pete hii linakwenda kwa Mbonea dakika hiihii."

Chediel alirudi nyuma hatua moja.

"Hiyo si tiba."

"Si tiba."

"Umeingia kwenye mwili wa mtu aliyelala, ukamfunga kamba bila ruhusa yake. Heri ungeacha afe. Kifo ni kifo. Hii ni..." Alitafuta neno, hakulipata. "Ulituapisha wewe mwenyewe, mimi na wenzangu, kwamba mgonjwa haguswi ila kwa faida yake."

"Nakumbuka."

"Sasa?"

"Sasa nimevunja kiapo. Vita ikiisha mnipeleke mbele ya wazee, nitasema nilichofanya, nanyi mfanye mnachoona kinafaa." Akachukua gundi ya mifupa, akaanza kufunga mbavu. "Mwandalie sindano ya kumwamsha."

Kirita hakuwa ameelewa maneno yote, lakini alielewa neno kamba. Alisogea.

"Umemfanya nini Mkuu?"

"Nimemshona," alisema Daktari. "Subiri atakuambia mwenyewe."

*

Jua lilifika utosini.

Kelele zilianza ghafla kule ukutani, sauti za mamia ya watu wakishuka mteremko, halafu bunduki, halafu mlipuko mmoja mkubwa uliovunja vioo vya dirisha. Mafuta yalikuwa yameshika moto. Harufu ilifika kabla ya moshi.

Kwenye ubao, taa moja ya kijani ilizimika. Kisha mbili pamoja. Kisha ya njano.

Kajiru alifumbua macho na kushika kifua. Hakupiga kelele. Alifungua mdomo kama samaki, akaufunga.

"Bandeji imebana," alisema.

"Si bandeji. Ni pete."

"Mbonea amekufa?"

"Angekuwa amekufa nawe ungekuwa umekufa." Daktari alimgeuza kichwa taratibu atazame ubao. "Angalia pale. Tulia, angalia."

Taa ya njano ilizimika. Kajiru akakunja uso, vidole vyake vya miguu vikajikunja. Ya kijani ikafuata. Akakunja tena. Alikuwa mtu mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Jasho lilimtoka midomoni.

"Ifungue."

"Sifungui."

"Kirita."

Kirita aliweka mdomo wa bunduki kwenye shavu la Daktari. Ulikuwa baridi, unanuka mafuta. Chediel aliangusha sinia, akabaki ameganda.

"Nikihesabu tatu," Kirita alisema, "nitapiga."

Daktari aliinua mkono wa kushoto polepole, akaukunja mkono wa koti lake. Bangili ya wahudumu ilikuwa kwenye kifundo. "Mimi pia nimo kwenye ubao. Safu ya chini, ya mwisho kulia. Chediel yumo. Wewe mwenyewe umo, baba, unapepesa pale. Piga, lakini mwulize kwanza Mkuu kama anaitaka hiyo."

Kirita aliutafuta ubao kwa macho. Aliipata taa yake, akaitazama muda.

"Mkuu," alisema bila kugeuka. "Asubuhi kaka yangu alikufa pale kwenye bomba. Ulisikia kitu?"

Kajiru alikuwa akiitazama bunduki.

"Nauliza tu. Ulisikia chochote?"

"Niliumia mwenyewe, Kirita. Uliona."

"Uliumizwa na chuma. Namwulizia kaka yangu."

Bunduki ikashuka. Kirita akavua pembe mgongoni, akaiweka kifuani mwa Jemadari, juu ya bandeji, kwa adabu, kama mtu anayemwandalia mkubwa chakula.

Redio ilikoroma. Sauti ya Mbonea ilikuwa nyembamba, pumzi zinakatika.

"Kajiru. Kifua changu. Mmefanya nini?"

"Si mimi. Ni huyu shetani wa kike." Kajiru alimeza mate. "Kila anayekufa, inabana. Wangu na wako."

"Basi warudishe watu wako."

"Zima moto wako kwanza."

"Wewe ndiye uliyeanza kushuka. Piga pembe, nami nitapiga."

"Nipige niwe nimeshindwa? Watu wangu warudi nyuma, wako wawafuate wawachinje visogoni? Piga wewe kwanza."

"Mtu wa Ngofi ataniambia mimi nipige kwanza?"

Taa zilikuwa zikizimika wakati wanaongea. Ya kijani, ya kijani, ya njano. Kila moja iliwakata maneno katikati wote wawili, mmoja kitandani na mwingine redioni, wakanyamaza pamoja, wakavuta pumzi pamoja, wakaendelea kubishana pale walipoachia. Daktari Nakiete alisimama katikati yao. Hakutazama ubao wote. Alitazama safu ya juu. Taa ya Namsifu ilipepesa haraka, haraka sana, ikachelewa, ikapepesa mara moja.

"Unajua nilivyo," Mbonea alikuwa akisema. "Sijawahi kupiga pembe ya kurudi maisha yangu."

"Wala mimi."

Taa ikazimika.

Kajiru alijikunja upande mmoja. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na miguu haikusogea tena. Redioni kulisikika kitu kinaanguka, kiti au mtu. Kajiru aliikamata pembe kwa mikono miwili, akaiinua, akakosa mdomo, akaiinua tena. Kirita alimshika mgongo amkalishe.

Akapiga.

Mlio wa kwanza haukuwa kitu, hewa tu na damu. Wa pili ulitoka mrefu, ukavunjika mwishoni kama alivyovunja yeye peke yake. Nyuzi za kifua ziliachia, na bandeji ikalowa papo hapo. Akapiga wa tatu, wa kuweka silaha chini.

Kutoka bondeni, baada ya muda, pembe nyingine ikajibu. Ilikuwa dhaifu, inayumba. Lakini ilijibu.

Bunduki zilipungua, kama mvua inavyopungua juu ya bati, mpaka zikabaki za mtu mmoja mmoja, kisha zisibaki. Ukasikika moto peke yake, na watu waliokuwa ndani yake.

*

Kajiru alilala chali. Aliweza kuvuta pumzi fupifupi tu.

"Yule wa mwisho," alisema. "Kabla sijapiga. Huyo alinibana kuliko wote. Alikuwa nani?"

"Wote wanabana sawa."

"Si kweli. Alikuwa nani, shemeji?"

Daktari alikuwa bado ameshika ile kalamu ya pete. Haikuhitaji kifua kufunguliwa ili kuikaza pete. Kuigusisha tu juu ya ngozi kungetosha, na wote wawili wangekwisha kwa pamoja. Chediel alikitazama kiganja cha Daktari. Safari hii hakumwambia aache wala afanye.

"Namsifu," alisema Daktari. "Mwanao."

Kajiru alimtazama. Namsifu alikuwa mtoto wa kaka yake, na kaka alipokufa yeye ndiye aliyemfundisha kuogelea kwenye ndiva, akimshika tumbo kwa kiganja. Hakulia. Kifua hakikumruhusu kulia. Kilimpa nafasi ya kuvuta hewa kidogo na kuitoa, basi.

"Niue," alisema.

Daktari aliiweka kalamu kwenye sinia. Ililia kidogo kwenye chuma. Akavuta bandeji mpya, akaanza kuifungua ile iliyolowa, kwa sababu nyuzi zilikuwa zimeachia na mgonjwa alikuwa anatoka damu.

*

Makaburi yalichimbwa kwenye kiwanja kilicho kando ya ndiva, ambacho si cha Ngofi wala Teteni. Pembe ilipigwa ya msaragambo, na watu wa pande zote mbili wakaja na majembe na sururu, wakipita mbali mbali bila kusalimiana. Wengine walikuwa na nyuso zilizoungua. Yule mwanamke wa taya alikuja amefungwa kitambaa mpaka machoni, akachimba.

Wapiga pembe walikuwa na jiwe lao. Hakuna aliyelikaribia.

Mbonea alipanda kutoka bondeni akiwa ameshika jembe badala ya fimbo. Alisimama kila kona, akaweka kiganja kifuani, akasubiri, akaendelea. Siku hizo alikuwa ametuma dawa za homa Ngofi kwa sababu taa moja ya kijani ilikuwa inafifia. Alipofika kiwanjani hakutazama jiwe. Alitafuta mahali penye mstari, akaanza kulima udongo kwa mikato midogo.

Kajiru alitoka hospitalini akiegemea bega la Kirita. Alikuwa hawezi kupanda ngazi. Daktari Nakiete alikuwa amemkataza kuinua kitu chochote, hata kikombe cha chai, mpaka mshono wa mshipa ukomae, na alikuwa amemweleza kwa lugha wazi kitakachotokea asiposikia.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la Namsifu, ambalo lilikuwa bado alama tu ya chokaa ardhini. Akanyoosha mkono aombe jembe. Watu walisita, wakamtazama Daktari, maana yeye ndiye aliyejua mshipa ule unaweza kubeba kiasi gani.

Daktari akamwachia jembe lake mwenyewe, akasimama karibu naye, akamshika kifundo cha mkono mmoja ahesabu mapigo, na mkono wa pili akauacha uchimbe.